Paka rangi ya gome, si ya jani

Mwizi wa asali huja asali inapoiva. Katika miombo ya Tabora asali nyingi huiva nyasi zikiwa zimekauka, njia zikipitika kwa baiskeli na pikipiki, na majani yakiwa yameanza kupukutika. Rangi unayopaka mzinga wako lazima ifanye kazi wakati huo, si Februari msitu ukiwa mnene na giza. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu wafugaji wengi wakiamua kuficha mizinga yao hukimbilia kopo la kijani. Kijani hicho huwafaa miezi michache ya mvua, kisha msitu unageuka rangi ya majivu na mzinga unaonekana tangu barabarani.

Wazee wa Unyamwezi hawakuwa na tatizo hili. Mzinga wao ulikuwa gome la mtundu au myombo lililoviringwa, au gogo lililotobolewa ndani, ukapachikwa kwenye panda ya mti. Gome juu ya gome, jicho halina pa kushika. Ndivyo asali na nta zilivyovunwa karne ya 19, misafara ya pembe ilipotoka Bagamoyo, ikapumzika Unyanyembe, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Wapagazi wengi katika njia hiyo walikuwa Wanyamwezi, na wengi wao waliacha mizinga nyumbani ambayo mpita njia asiyeijua nchi aliipita chini bila kuinua macho. Baadaye, zama za Wajerumani na za Waingereza, nta ikawa moja ya bidhaa zilizotoka Tabora kwenda ng'ambo.

Lakini kuvua gome kunaua mti. Kila mzinga wa gome ni mti mmoja uliosimama ukikauka, na miombo haina miti ya kupoteza namna hiyo. Ndiyo maana wataalamu, wakiwemo wa Chuo cha Ufugaji Nyuki kilichopo hapa Tabora na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, huhimiza mizinga ya mbao, na mimi nakubaliana nao kabisa. Ila sanduku la mbao lina kingo zilizonyooka, pembe kali na uso bapa, vitu ambavyo havipo porini. Juu ya hapo, mizinga mingi ya miradi huja imepakwa njano, buluu au nyeupe inayong'aa, na maandishi makubwa ya mfadhili ubavuni. Tumeokoa mti, tukamwonyesha mwizi mahali asali ilipo.

Kwa hiyo kazi yetu ni kulirudishia sanduku la mbao lile gome lililokosa, kwa rangi, na kwa rangi itakayokaa miaka bila kubanduka. Rangi haitamzuia nyegere, maana yeye huongozwa na pua. Dawa ya nyegere ni kuning'iniza mzinga kwa waya, mbali na shina na juu ya urefu wake wa kufika. Rangi ni kwa ajili ya macho ya binadamu, na kwa ajili ya mbao yenyewe.

Anza na gome mkononi

Nenda pale utakapotundika mizinga, mwezi wa Septemba ikiwezekana, ukatazame vizuri. Wakati huo ndipo utaelewa kwa nini jani si la kuigwa. Mvua haijanyesha, lakini mitundu inachipua majani mapya mekundu kama shaba, hayo yanageuka rangi ya tope la mzeituni, kisha kijani. Kufika Julai ni manjano na hudhurungi. Jani lina rangi nne kwa mwaka. Gome lina moja: kijivu cha majivu kilichochanganyika na hudhurungi, chenye mabaka meupe ya ukungu wa miti upande wenye kivuli, na weusi wa moto wa kichaka kuanzia chini hadi kiunoni mwa mtu. Rangi hiyo haibadiliki, Januari wala Oktoba.

Okota kipande cha gome lililoanguka lenyewe, kikubwa kama kiganja, kiwe kikavu. Nenda nacho dukani. Usimwambie muuzaji akupe "rangi ya jeshi". Mwonyeshe gome, mtafute kopo linalokaribiana nalo, na mlitazame nje kwenye jua, si chini ya taa ya duka. Ukishindwa kuchagua kati ya iliyokoza na iliyopauka, chukua iliyopauka. Kosa la kawaida la anayeficha kitu ni kukipaka giza mno, na kitu cheusi katikati ya msitu mkavu huonekana kama tundu.

Nchi hii iliwahi kufundisha somo hilo hata jeshi. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani wa Afrika Mashariki walipokatiwa njia ya bahari, nguo za askari zilifumwa na kutiwa rangi hapa hapa. Kamanda wao, Lettow-Vorbeck, aliandika katika kumbukumbu zake kwamba mmea aliouita ndaa ulitoa rangi ya hudhurungi ya manjano ambayo ilikuwa shida kuiona, iwe kwenye nyasi au kichakani. Haikuwa kijani. Tabora yenyewe iliangukia mikononi mwa majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo tarehe 19 Septemba 1916, yaani katikati ya ule msimu wa nyasi kavu ninaouzungumzia.

Kopo gani?

Dukani utakuta makundi mawili. Kuna rangi ya mafuta, inayochanganywa kwa tina, na kuna rangi ya maji ya nje, ile mafundi wanayoiita wethagadi. Rangi ya mafuta huwa ngumu, na mtu akiigusa siku ya pili huona amenunua kitu cha maana. Kwa meza ya sebuleni sina neno. Kwa mzinga nashauri ya maji, na sababu zangu ni hizi.

Ndani ya mzinga kuna mvuke. Nyuki hukausha nekta kuwa asali, nao hupumua, kwa hiyo unyevu hutafuta njia ya kutoka kupitia mbao. Rangi ya mafuta huufungia njia. Unyevu unajikusanya nyuma ya rangi, malengelenge yanatokea, na rangi inabanduka vipande vipande. Rangi nzuri ya maji, yenye gundi ya akriliki, huachia mvuke upite huku ikizuia maji ya mvua kuingia. Pia hubaki na unyumbufu. Mbao ya Tabora hunywea Agosti na kuvimba Januari, na rangi isiyonyumbuka hupasuka hapo hapo kwenye maungio. Tena harufu ya rangi ya mafuta na tina hukaa wiki nyingi, na kundi la nyuki linalotafuta makazi halitaingia kwenye sanduku linalonuka.

Soma kopo. Litafute neno la matumizi ya nje, alama ya ubora ya TBS, na maelezo kwamba rangi haina madini ya risasi. Rangi ya ndani ni rahisi, nayo itakuwa imegeuka chaki kabla ya mwaka wa pili.

Halafu kuna suala la kung'aa. Rangi inayong'aa hudumu zaidi kuliko isiyong'aa, kwa sababu ina gundi nyingi na unga kidogo. Lakini mng'ao ndio unaouuza mzinga. Jua la saa tatu asubuhi likipiga ubavu unaong'aa, mtu aliye mbali anaona mmweko hata kama rangi yenyewe inafanana na gome. Jawabu si kuchagua moja na kuacha nyingine. Paka koti la kwanza na la pili la rangi ya nje yenye mng'ao mdogo, hayo ndiyo yatakayolinda mbao. Mabaka ya juu, nitakayoyaeleza mbele, yawe ya rangi isiyong'aa kabisa. Yakichakaa, unagusia juu juu tu, na ngao ya chini bado ipo.

Kuhusu rangi zenyewe, Tabora ina bahati. Hudhurungi, wekundu wa udongo, manjano ya udongo na weusi hutokana na oksaidi za chuma, ambazo kwa asili ni kutu, na kutu jua haliifanyi kitu. Kijani kikali cha bei nafuu mara nyingi huchanganywa kwa manjano isiyostahimili jua. Manjano ikifa kinabaki kibuluu, na msituni hakuna mti wa buluu. Tabora ipo kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba. La Oktoba ndilo baya, maana miti haina kivuli cha kutosha na mzinga hupigwa moja kwa moja. Rangi ya oksaidi itaivuka Oktoba nyingi.

Oksaidi hiyo unaifahamu. Ni ule unga unaouzwa kwa ajili ya sakafu za saruji, mwekundu, mweusi na wa manjano. Nunua ndoo moja ya rangi ya nje ya kijivu hafifu, uichanganye mwenyewe upate rangi zote unazohitaji, badala ya kununua makopo matatu. Loweka unga kwanza kwenye maji kidogo hadi uwe uji, uchuje kwa kitambaa chepesi, kisha umimine kwenye rangi ukikoroga. Usivuke gramu 100 za unga kwa lita moja ya rangi. Unga ukiizidi gundi, rangi itafutika kwa kidole. Changanya rangi ya kutosha mizinga yote kwa mara moja, kwa sababu hutaipata tena ile ile.

Hesabu yake si ngumu. Mzinga wa viunzi vya juu wenye urefu wa mita moja, ukijumlisha mbavu, vichwa, tumbo na mfuniko, una eneo la nje la karibu mita moja na nusu za mraba. Mbao isiyopigwa randa vizuri hunywa rangi, kwa hiyo lita moja kwa koti moja usiitegemee kuvuka mita 7 au 8 za mraba. Makoti mawili ni karibu nusu lita kwa mzinga pamoja na mabaka. Kopo la lita 4 litamaliza mizinga 7 na kubakiza ya kugusia.

Vitu vya kuviacha kabisa

Oili chafu ya gari. Najua inatumika kwenye nguzo za uzio na kenchi za paa, na kweli mchwa huichukia. Kwenye mzinga ni sumu. Nta hufyonza mafuta na harufu kuliko karibu kitu chochote kilichomo ndani ya mzinga, na ikishafyonza haisafishiki kwa kuchemsha. Asali ya Tabora ina jina kwa sababu inatoka katika misitu isiyopulizwa dawa. Mnunuzi wa nje hupima, na shehena ikikutwa na mabaki ya oili hutapata nafasi ya kujieleza.

Dawa za mbao zenye aseniki nazo ni hivyo hivyo. Mbao za paini zilizotibiwa kwa ajili ya nguzo, zile zenye ukijani ndani, zisitumike kutengeneza mzinga. Na ndani ya mzinga usipake kitu chochote kile, hata rangi salama. Nyuki wenyewe hupaka kuta zao kwa gundi wanayoikusanya kwenye miti, na hakuna kiwanda kinachowashinda. Unachoweza kuwasaidia ni kusugua nta safi kidogo kwenye viunzi ili kundi livutiwe.

Mbao kwanza

Rangi inayobanduka, mara nyingi kosa si la rangi. Mbao ilikuwa mbichi. Mbao iliyopasuliwa masika na kupakwa Aprili bado ina maji, na maji hayo yatatoka tu, yakisukuma rangi mbele. Panga mbao zako chini ya paa, ukiziwekea vipande vya kuzitenganisha, hadi Juni au Julai. Kwa Tabora hiyo ndiyo miezi ya kupaka: mbao zimekauka, hewa ni baridi kiasi, na vumbi la upepo wa Agosti halijaanza. Paka asubuhi umande ukishakauka, kivulini. Mbao iliyoanikwa juani hunyonya maji ya rangi kabla gundi haijashikana.

Mninga ni mbao bora ya kudumu, lakini siku hizi kuitumia kwa mzinga ni anasa, na msumeno ukiumaliza wajukuu wetu hawatauona. Paini inatosha ukiipaka vizuri. Piga msasa wa wastani, si laini mno, kwa sababu rangi inahitaji mikwaruzo ya kushikia. Vifundo vinavyotoa utomvu vikwangue na uvifute kwa tina. Vichwa vya misumari vizamishe na uzibe kwa puti ya nje, ama sivyo kutu itachora mistari myekundu kuteremka chini ndani ya masika ya kwanza.

Sehemu moja mafundi wengi huipita haraka: ncha za mbao, pale ulipokata kwa msumeno. Hapo mirija ya mti iko wazi na maji huingia mara nyingi zaidi kuliko ubavuni. Zipake koti la kwanza likiwa limezimuliwa kwa maji, liache linywewe, rudia, kisha ndiyo uungane na makoti mengine. Mzinga ukioza, huanza hapo.

Mabaka

Sasa kuficha. Mbavu na vichwa vya mzinga vipake ile rangi ya gome. Tumbo, yaani chini, lipake kijivu kilichopauka zaidi. Anayetafuta mzinga hutembea chini akitazama juu, na tumbo la mzinga huwa kwenye kivuli huku nyuma yake ni anga. Tumbo likipakwa giza linakuwa doa jeusi angani. Mchoraji wa Marekani, Abbott Thayer, alieleza jambo hili kwa wanyama mwaka 1896, kwamba weupe wa tumbo huondoa kivuli cha mwili, lakini yeyote aliyewahi kumkosa swala aliyesimama mbele yake analijua.

Mfuniko, upande wa juu, hauonekani kutoka chini kwa mzinga uliotundikwa. Kwa hiyo hapo usifiche chochote, paka kijivu cheupe kinachorudisha jua. Hili lina maana kubwa kuliko linavyosikika. Nyuki huhitaji watoto wao wakae kwenye joto la karibu nyuzi 35 za Selsiasi, na joto la nje likizidi huacha kukusanya nekta ili wabebe maji na kupepea. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, na masega yenye asali huanza kulegea na kukatika mapema kabla ya hapo. Mzinga uliopakwa rangi iliyokoza pande zote, ukatundikwa pasipo kivuli, unaweza kukutwa Oktoba masega yamelala sakafuni na nyuki wamehama. Ficha mbavu, poza paa.

Kuvunja umbo kunahitaji rangi mbili tu juu ya ile ya msingi: moja iliyokoza, kama hudhurungi nyeusi, na moja iliyopauka, kama yale mabaka meupe ya ukungu wa miti. Baka moja liwe kati ya kiganja kimoja na viwili. Vidoa vidogo vidogo hupendeza ukiwa karibu, lakini kwa hatua 30 huungana vikawa rangi moja na sanduku linarudi kuwa sanduku. La muhimu kuliko yote, baka livuke ukingo. Lianze ubavuni, likunje pembe, liishie kichwani. Jicho la mtu hutambua mstari ulionyooka kabla halijatambua rangi, na mstari huo ndio unaoukata. Tumia kipande cha godoro au tambara, ukigonga gonga badala ya kupaka kwa brashi, ili kingo za baka zisiwe kali.

Nyuki nao wakumbuke. Karl von Frisch alionyesha mwaka 1914 kwamba nyuki hutofautisha rangi, na kwamba nyekundu hawaioni kama sisi. Kwao ni giza tu. Buluu na manjano wanaziona vizuri. Ukitundika mizinga 6 iliyofanana kabisa, baadhi ya nyuki watarudi kwenye mlango usio wao. Weka alama ya buluu ya ukubwa wa kidole gumba jirani na kila mlango, moja juu, nyingine chini, nyingine kushoto, na milango ielekee ndani ya msitu, si njiani. Alama yako wewe ya umiliki usiipake, maana rangi hupakwa juu ya rangi. Ichome kwa chuma cha moto chini ya mfuniko na ubavuni. Alama ya moto ndiyo utakayoionyesha kijijini ikitokea kesi.

Baada ya kazi yote hiyo, wafugaji wengi hutundika mzinga kwa waya mpya unaometa na kuufunika kwa bati jipya. Bati na waya za zinki hazishiki rangi ya mafuta. Zinki huigeuza mafuta yake kuwa kama sabuni na rangi yote huvuka kama ngozi. Osha bati kwa siki, suuza, likaushe, kisha paka rangi ya maji ya akriliki isiyong'aa kwenye kingo zinazoonekana. Waya uchovye. Au weka nyasi juu ya mfuniko badala ya bati, ambazo hupoza vizuri zaidi na hazihitaji kufichwa, ila zibadilishe kila mwaka na usafishe chini ya mti dhidi ya moto.

Kitako cha gobore

Askari wa wanyamapori wa vijiji, kama wale wa jumuiya za hifadhi ya wanyamapori za Ipole na Uyumbu, na wawindaji wenye vibali, wanaweza kujiuliza kama rangi hii inafaa kwa kitako cha bunduki. Haifai. Mzinga unapigwa na jua na mvua. Kitako kinapigwa na jasho, mafuta ya kusafishia na kusuguliwa na bega kila siku, na rangi ya maji italainika. Silaha ya jumuiya au ya serikali usiipake chochote bila idhini ya mwenye dhamana nayo. Ya kwako, iliyosajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, hakikisha kwanza ni tupu, na namba zake zisiguswe na tone la rangi, wala mahali popote chuma kinapotembea.

Ushauri wangu kwa kitako cha mbao ni mafuta ya kitani yaliyochemshwa, si rangi. Futa grisi yote kwa tina, piga msasa, sugua mafuta yakiwa na oksaidi kidogo ya hudhurungi, futa yaliyobaki juu, acha siku mbili, rudia mara tatu au nne. Malizia na nta. Hakitang'aa, hakitabanduka, na kikikwaruzwa kambini unakirekebisha kwa kidole. Kuna rangi za magari za kuchanganya mbili ambazo ni ngumu zaidi, lakini mvuke wake huharibu mapafu na zinahitaji chumba na barakoa maalumu. Matambara yenye mafuta ya kitani yatandaze nje yakauke, au yazamishe kwenye maji. Yakikunjwa pamoja hupata joto yenyewe na kuwaka. Na mabaka yaishie kwenye mzinga. Nguo za mabaka zinazofanana na za JWTZ si za raia, na jeshi limelionya hilo mara kadhaa.

Jaribu kabla ya kumwaga fedha

Paka kipande cha mbao ile ile, makoti yale yale, ukiache wiki mbili. Kichore kwa wembe mistari ya kukatizana, bandika selotepu, ibonyeze, kisha ivute kwa nguvu mara moja. Vipande vikitoka na selotepu, mbao ilikuwa na unyevu au vumbi. Kipande kingine kipigilie juu ya paa la nyumba, nusu yake ikiwa imefunikwa kwa bati, kikae kiangazi chote. Ukifunua utaona jua lilichokula. Pitisha kitambaa cheusi: kikitoka na unga mweupe, gundi inakufa na rangi hiyo usiinunue tena.

Mizinga mipya iliyopakwa iache wazi kivulini wiki tatu kabla ya kuipeleka msituni. Ingiza pua mlangoni. Ukisikia rangi, nyuki wataisikia zaidi.

Kila unapokwenda kuvuna, beba chupa ndogo ya ile rangi uliyobakiza na kipande cha godoro. Gusia ncha za mbao, pembe zilizokwaruzwa na kamba, na mahali pa kushikia mfuniko. Fanya hivyo jioni, mbali na mlango, nyuki wakiwa wametulia. Mbavu zenyewe hazitahitaji koti jipya kila mwaka, na ukizipaka bila haja unajaza unene ambao siku moja utabanduka wote pamoja. Ukiona mbao imeanza kuonekana chini ya rangi upande wa magharibi, ambako jua la alasiri hupiga, ngoja mzinga uhamwe au umalize kuvuna, uushushe, upige msasa upande huo peke yake, upake, uurudishe kwenye mti ule ule, mlango ukielekea kule kule ulikokuwa.